Koti la Mpima wa Barafuni

Habari ilimkuta Mama Kijino kwenye bomba la uani, ndoo haijafika nusu. Aliyeileta ni fundi cherehani wa chini ya ngazi, mwanamke ajuaye kushona kila kitu isipokuwa mdomo wake mwenyewe. Alikuja na futi yake shingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa sauti ambayo hata wa ghorofa ya pili waliisikia, kwamba yule shangazi wa juu, mpima, kafukuzwa kazi. Kaharibu mtambo wa watu huko kwenye nchi ya barafu. Wengine wanasema kaharibu, wengine wanasema kauza, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Na wewe unashinda kwake na mtoto," alimalizia. "Mwanamke mzima anaondoka miezi na miezi, anarudi uso umebabuka kama kiazi cha kuchoma, eti alikwenda kupima barafu. Barafu inapimwa? Si inayeyuka tu."

Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakamwingia Mama Kijino kwenye kandambili, naye amesimama vilevile mkono juu ya bomba. Angeambiwa kwamba ngazi za jengo zimehamia upande wa pili wa barabara, angeamini upesi zaidi. Shangazi, kuharibu kitu? Mtu ambaye hawezi kukata mkate bila kuinama kuangalia kama kisu kimenyooka?

Walikuwa majirani wa mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu. Kwa damu hawakuwa kitu. Jengo zima lilimwita Shangazi, na yeye aliitika kama vile kila mmoja ni mtoto wa kaka yake. Mama Kijino alimfahamu vizuri pale mtoto wake alipokuwa bado mchanga. Baba mtoto alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini, kazi ya zamu, na siku nyingi alikuwa hayupo. Asubuhi moja mtoto alilia mpaka mama naye akaanza kulia. Mlango ukagongwa. Shangazi aliingia, akamlaza mtoto kitandani, akatoa utepe wa chuma mfukoni mwa gauni lake, akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni. Mtoto akanyamaza kwa mshangao.

"Kumbe ndiyo maana analia," alisema. "Mtu mrefu, shuka mmemkatia la mfupi."

Mama Kijino alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Na jino la kwanza lilipochomoza, Shangazi huyohuyo ndiye aliyempa mtoto jina, Kijino, na jina hilo likamwangukia mama pia, likamkaa.

Kupima ilikuwa ndiyo kauli yake. Baba yake alikuwa mwashi, na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimshikia timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, ya kujulia kama ukuta umenyooka. Mzee alikuwa na msemo wake kwamba ukuta haudanganyi, anayedanganya ni jicho. Shangazi alipokua alisomea upimaji, mwanamke peke yake kati ya wanaume, wakamcheka mpaka wakachoka. Alipima viwanja, alipima barabara. Ndugu waliogombea mpaka wa shamba walimlaani wote kwa pamoja, na mara moja alikimbizwa na bibi mwenye mwiko. Baadaye wakatafutwa wapima wa kwenda kwenye barafu kule chini kabisa mwisho wa dunia. Wengi waliuliza kwanza kuna baridi kiasi gani. Yeye aliuliza kuna mwamba wa kufungia chombo au hakuna. Wakamchukua.

Elimu yenyewe ina jina lake, jiodesia, lakini kwa Mama Kijino, ambaye shule aliishia darasa la saba, Shangazi hakulitumia. Alimwambia hivi: wapima wengine wanapima viwanja vilivyo juu ya dunia, mimi naipima dunia yenyewe kama imekaa palepale au imesogea. Mama Kijino alidhani ni utani. Dunia isogee iende wapi?

Shangazi akamwomba amnyanyue Kijino aliyekuwa amelala kwenye godoro la sponji. Pale alipolala palikuwa na shimo la umbo lake, kichwa, mgongo, matako. Wakalitazama. Polepole lile shimo likajaa, sponji ikapanda, mpaka hukuweza kujua kama palilala mtu.

"Barafu ile ni nene kuliko majengo kumi yaliyobebana," Shangazi alisema. "Imeilalia nchi tangu enzi na enzi. Ikipungua, nchi iliyo chini yake inapanda, kama hili godoro. Mimi barafu siwezi kuiweka kwenye mizani. Basi napima godoro."

Alikuwa na jabali lake, kichwa cha mwamba kilichochomoza katikati ya weupe, ambalo alilifikia mara ya kwanza angali kijana na magoti yake yakiwa mazima. Juu yake walisimika nguzo fupi ya chuma, juu ya nguzo antena ya duara kama sahani iliyofunikwa. Antena ile husikiliza setilaiti mchana na usiku, na kwa kuzisikiliza inajua yenyewe iko juu kiasi gani. Kila mwaka jabali lilipanda unene wa ukucha. Alilisimulia kama watu wanavyosimulia mtoto anayesoma bweni, halina maneno mengi, linakua polepole, halina shida.

Na walikuwa na desturi ambayo alirudi nayo hata nyumbani. Kule kwenye upepo, mmoja akisoma kipimo lazima akitaje kwa sauti, na mwenzake akirudie, ndipo kiandikwe. Kipimo ambacho hakikurudiwa si kipimo. Kwa hiyo Mama Kijino akienda dukani, Shangazi alimwambia vitunguu vinne, kisha akasimama kusubiri. "Rudia." Ikabidi arudie, vitunguu vinne, Shangazi, huku mtoto anamvuta hereni. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesemwa kaharibu mtambo.

Siku ile alipanda ngazi na ndoo yake, akaitua mlangoni kwake, akavuka kwa jirani bila kukausha miguu. Alipiga hodi. Alimkuta Shangazi amekaa sakafuni katikati ya mabegi, anapanga soksi nzito za sufi mbili mbili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi cherehani kashakwambia?"

Mama Kijino aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyesema. Lakini Shangazi alicheka, akamvutia mto, akampokea mtoto, na hapo akamweleza yote bila kuzunguka, na kilichomshtua Mama Kijino zaidi ya habari yenyewe ni jinsi alivyoieleza, kwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Majira ya giza kule, jua lisipoonekana, upepo uliivunja antena ya zamani. Miezi mingi jabali lilikaa bila sikio. Kiangazi kilipofika walikwenda kufunga antena mpya, yeye na mwenzake mmoja, helikopta ikawashusha na kuondoka. Mwenzake alishikwa na tumbo, akalala ndani ya hema. Theluji ikaanza kuvuma. Shangazi akapanda peke yake kwenye nguzo, akafunga peke yake, akasoma peke yake. Alikitaja kipimo kwa sauti, upepo ukakichukua, na hakuna aliyekirudia.

Sasa, antena ya zamani ilikuwa inakalia kitako, pete nene ya chuma iliyochongwa kwa ajili yake tu. Ile mpya imekuja na kitako chake, haihitaji kingine. Kwa hiyo kile cha zamani kilitakiwa kitolewe kwanza. Waliporudi na hesabu kupigwa kwenye mashine, ilionekana jabali limepanda kwa mwaka mmoja unene wa dole gumba. Ofisini wakatazamana. Unene wa dole gumba ndio unene wa kile kitako. Wakamuuliza, ulikitoa? Akafikiri sana. Alikumbuka upepo, alikumbuka spana inagandia glavu, lakini kukitoa hakukumbuka. Wakapekua sanduku la vifaa, wakapekua mabegi, kitako hakipo. Basi kiko kulekule chini ya antena mpya, na jabali halijapanda popote. Kilichopanda ni usahaulifu wa mwanamke mzee.

"Nikawaambia kosa ni langu," alisema. "Mkuu wa ofisi kanionea huruma, kasema nikapumzike, na magoti haya. Hakuna aliyenifukuza, mwambie fundi cherehani, nimeagwa kwa chai. Ile namba wameifuta, jabali wameliondoa kwenye safari za mwakani. Helikopta haiendi kwenye kipimo kilichoharibika."

Mama Kijino alimwambia pole, mara nyingi. Miaka yote ile kazi ya mtu, ikafutwa kwa pete ya chuma. Akauliza kama haumii. Shangazi alikunja jozi nyingine ya soksi, akasema kuna siku utajua maana ya heri nusu shari kuliko shari kamili. Kisha akanyanyuka kwa shida akishika ukuta, akatoa kabatini koti lake la barafuni, jekundu, zito, limejaa nyuzi za sufi. Akasema yeye harudi tena huko, na huku koti kama lile utalivaa uende nalo wapi, watu waseme umerukwa na akili. Lifumue umshonee Kijino mfarishi wa kulalia.

Fundi cherehani, aliyekuwa akipanda ngazi, alimwona akilipeleka kwake, akataka kulishona yeye. Mama Kijino alikataa kwa upole. Koti lile lingepita chini ya sindano yake, mtaa mzima ungejua lina vifungo vingapi na kila kimoja kina historia gani.

Alianza kulifumua alasiri moja, mtoto amelala, mkasi mdogo mkononi. Alianzia pindo la chini, akafungua bitana kidogo kidogo ili asiharibu kitambaa. Mfuko wa ndani aliukuta umetoboka, kitobo cha kupitisha vidole vitatu, kingo zake zimechanika kama zimekwaruzwa na ncha kali. Akapapasa chini yake, kati ya bitana na sufi. Huku kwenye kona, karibu na mshono wa mgongo, mkono wake ukagusa kitu kigumu, baridi, kimejiviringisha ndani ya sufi kama yai ndani ya kiota.

Alikivuta. Kilikuwa pete ya chuma, nene kama dole gumba, na ubavuni mwake kuna alama ya mshale iliyochongwa.

Moyo ulimruka kwa furaha. Hakuwaza zaidi ya hapo. Kumbe alikitoa. Alikitoa kama inavyotakiwa, akakitia mfukoni katikati ya upepo, mfuko ukakimeza. Shangazi hakukosea kitu. Alimbeba mtoto akiwa bado usingizini, akavuka ukumbi mbio, na siku hiyo hakupiga hata hodi.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, anayatuliza magoti.

"Shangazi, nimekipata," Mama Kijino alisema akihema. "Kilikuwa ndani ya koti. Hukusahau. Kazi yako haikuharibika."

Akamnyooshea. Shangazi alikitazama, hakukipokea. Alikitazama jinsi mtu anavyomtazama yule aliyesemekana kafa anapoingia mlangoni. Kisha Shangazi alisimama, miguu ikiwa bado ndani ya beseni, akanyoosha mkono kwenye rafu akachukua kalipa yake, kile chombo chenye meno cha kupimia unene, akakishika kile chuma, akakibana kwenye meno ya kalipa, akasoma. Akataja namba kwa sauti ya chini. Mama Kijino, kwa mazoea tu, akairudia. Shangazi akashtuka kana kwamba kapigwa kofi.

"Kile chenyewe," alisema. Akakaa.

Mama Kijino alibaki amesimama na furaha yake mkononi, hajui aiweke wapi. Alimuuliza kama amekosea kumletea. Shangazi alikuwa akikigeuzageuza kile chuma.

"Kama hiki kiko hapa," Shangazi alisema hatimaye, "basi kule chini ya antena hakuna kitu."

"Si ndiyo, Shangazi? Hukukosea."

"Sikukosea. Basi ni kweli limepanda."

Hapo ndipo maana ilipomwingia Mama Kijino. Alikaa kitandani taratibu, mtoto kifuani. Aliliona lile godoro la sponji linajaa, ila safari hii halijai polepole, linaruka. Kitu kizito kiasi gani kimeondoka juu ya nchi ile, mpaka jabali lililokuwa likipanda ukucha kwa mwaka lipande dole gumba? Alitaka kuuliza, akaogopa jibu, akauliza jingine lililomjia kama la kitoto. Hayo maji ya barafu iliyotoka, yamekwenda wapi?

Shangazi alimtazama Kijino kabla hajajibu. Alieleza kwamba barafu ile ni nzito mpaka inaivuta bahari ijikusanye kwake, kama mama anavyokusanya watoto kwenye kanga moja. Ikipungua, inaiachia. Bahari ya kulekule inashuka, na ya mbali inapanda kuliko ilivyostahili.

"Watu wanadhani kwa sababu ni mbali hayatuhusu," alisema. "Mbali yenyewe ndiyo huku."

Mama Kijino alimkumbuka baba mtoto, wiki iliyopita, akirudi na viatu vilivyoloa, akilalamika kwamba maji yakijaa bandarini siku hizi yanapanda mpaka ngazi ambayo wao huwa wanakalia kula. Yeye alimwambia aviweke viatu juani. Hakufikiri tena.

Chumba kilikuwa kilekile. Kalenda ukutani, soksi zilizopangwa mbili mbili, birika kwenye jiko la umeme. Lakini Shangazi alikuwa kama mtu mwingine. Alianza kusema, si kwa kumweleza mtu, bali kama anajibishana na nafsi yake. Alisema alipowaambia ofisini kosa ni langu, usiku ule alilala usingizi mzuri kuliko wa miaka mingi. Alifurahi kukosea. Mtu mzima kuonekana mzembe si kitu, watu watakucheka mwezi mmoja, watachoka. Alikuwa akiomba hicho chuma kiwe kule, kigande kule, kisionekane na mtu. Na ofisini nao walifurahi, maana ile namba waliiogopa wote, na kosa la mtu mmoja ni rahisi kulibeba kuliko ile namba. Sasa jabali limeshafutwa. Antena yake betri zitakufa, na hakuna atakayekwenda kuzibadilisha, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia kosa ni lake.

"Kumbe lilikuwa linasema kweli," alisema, "na mimi nimelifunga mdomo."

Mama Kijino alimwambia kwamba basi jambo liko wazi, kesho aende ofisini na chuma chake, awaambie. Alilisema kama jambo jepesi, na alipokwisha kulisema aliona si jepesi. Mkono wa Shangazi ulikuwa umekibana kile kitako kwa nguvu. Macho yake yalikwenda dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake, nyuma ya jengo, ulipita mtaro mpana wa maji machafu, wenye tope ambalo hata mpira wa watoto ukiingia haurudi.

Mama Kijino aliufuata ule mtazamo mpaka dirishani, kisha akamrudia Shangazi, na Shangazi akajua kwamba ameonekana. Mtu mwingine angejifanya anakohoa. Yeye alivuta pumzi, akatoa miguu kwenye beseni, akatembea pekupeku mpaka kitandani, nyayo zake za maji zikabaki sakafuni. Akaufungua mkono wa huyo mama kijana, ule ambao haukumshika mtoto, akaweka kitako ndani yake, akaufunga kidole kimoja kimoja.

Chuma kilikuwa kimepata joto la mkono wake.

"Nina ombi, mwanangu," alisema. "Usiniachie hiki mpaka kesho. Kaa nacho wewe. Ukifunge kwenye nepi, ukilalie, nisijue kilipo. Na nikija kukugongea kukiomba, hata nije nalia, hata nikwambie nataka kukitazama tu, usinipe."